Uwanja wa Wazi Si Uwanja Mtupu

Macho ya taifa siku hizi yameelekea kwenye viwanja vikubwa vya michezo. Tangu mwezi wa Septemba 2023, nchi yetu pamoja na jirani zetu Kenya na Uganda zilipopewa heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, habari za nyasi, taa na majukwaa zimekuwa katika kinywa cha kila mtu. Mwezi wa Agosti 2025 nchi hizo tatu zilikwisha kuyapokea mashindano ya CHAN, na dunia ikashuhudia kwamba Afrika ya Mashariki yaweza kuwa mwenyeji bila kutahayari. Jambo hilo ni jema, nasi twalishangilia.

Lakini furaha isitusahaulishe kuuliza. Kijana wa Makorora au wa Mabawa, katika jiji la Tanga, atazamaye mashindano makubwa katika televisheni, kesho yake jioni atacheza wapi? Dada yake atakimbia wapi bila kuzomewa? Mama yao, aliyesimama jikoni na sokoni tangu alfajiri, ataketi wapi penye kivuli kupunga upepo bila kulazimika kununua soda? Na babu yao ataliweka bao lake chini ya mti upi? Uwanja mkubwa huzaa watazamaji. Uwanja mdogo wa mtaani ndio uzaao wachezaji, na tena ndio uzaao majirani.

Twaichagua Tanga kuwa mfano, wala si kwa kuilaumu. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, lakini bado ni jiji dogo. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu karibu 400,000, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya 5,000,000. Tofauti hiyo ni neema kubwa kuliko watu wadhanivyo. Dar es Salaam ikitaka leo kurudisha uwanja wa wazi uliokwisha kujengwa, yalazimu kubomoa, kulipa fidia na kwenda mahakamani. Tanga, na miji mingine ya kiasi chake kama Moshi, Iringa, Tabora na Musoma, bado yaweza kuokoa mengi kwa gharama ya mawe ya mipaka, miche ya miti, na uthabiti wa wakubwa wake. Mwenye akili huziba ufa. Mwingine hungoja ajenge ukuta.

URITHI TULIOUPOKEA

Yafaa tukumbuke kwamba nafasi za wazi katika miji yetu hazikuanzishwa kwa kumpenda mwananchi. Wakoloni walipopanga miji walitenga watu kwa rangi. Dar es Salaam iligawanywa mafungu: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao. Mnazi Mmoja ulikuwa uwanja wa kutenga, ukanda mtupu uliowekwa baina ya Kariakoo na mji wa wafanyabiashara, kwa kisingizio cha afya. Uwanja ule uliwekwa ili watu wasikaribiane.

Tanga nayo ilipata sehemu yake ya desturi hiyo. Ni mji wa bandari na mkonge. Reli yake ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, nayo ndiyo reli ya kwanza ya nchi yetu ya bara. Pwani ya Raskazone, yenye upepo na miti mikubwa, ikawa makao ya wakubwa. Ngamiani, pamoja na barabara zake zilizopewa namba badala ya majina, ikawa makao ya wafanya kazi. Mtu aweza kuupenda mpango ule wa barabara zilizonyooka, maana hata leo hapana mgeni apoteaye Ngamiani. Lakini aliyezipanga hakuweka katika hesabu yake kwamba mchukuzi wa bandarini naye huchoka, au kwamba mtoto wa mchukuzi naye hucheza.

Ajabu ni kwamba uwanja uliowekwa ili kututenga ndio uliotukutanisha. TANU haikuwa na kumbi za fahari. Mikutano yake mikubwa ilifanywa mahali pa wazi, Mnazi Mmoja na Jangwani, na katika viwanja vya namna hiyo nchi nzima. Uhuru wa nchi hii ulihubiriwa juani, mbele ya watu waliosimama kwa miguu yao katika ardhi isiyokuwa ya mtu mmoja. Kwa hiyo anayeuita uwanja wa wazi "eneo lisilotumika" hajui historia ya Chama chake wala ya nchi yake.

Jijini Tanga kuna viwanja viitwavyo Tangamano. Jina hilo latosha kuwa sera nzima: ni mahali watu watangamanapo. Mji upatao jina la namna hiyo haukuhitaji mtaalamu wa kuufundisha kazi ya uwanja.

Serikali ya kwanza ya wananchi ililifahamu jambo hilo. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoanza kazi ya Urais, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Nchi ilikuwa maskini, shule chache, hospitali chache, na adui ujinga, maradhi na umaskini walikuwa mlangoni. Hata hivyo viongozi wale hawakuona kwamba michezo na ngoma ni mambo ya kungoja mpaka tutajirike. Waliona kuwa ni sehemu ya kumrudishia mtu utu wake.

UWANJA HUPOTEAJE?

Basi ilikuwaje viwanja vikapungua? Sababu ziko zaidi ya moja, na ni haki tuzitaje zote, hata zile zisizotupendeza.

Mwaka 1972 halmashauri za miji zilivunjwa katika mpango wa madaraka mikoani. Nia ilikuwa kupeleka maendeleo vijijini, lakini miji ikabaki kama nyumba isiyo na mwenyewe. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na sheria kamili za Serikali za Mitaa zikatungwa mwaka 1982. Katika kipindi kile miji iliendelea kukua, ramani zikazeeka makabatini, na mahali palipoandikwa "bustani" pakaota nyumba.

Halafu ikaja thamani ya ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilithibitisha kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ilikubali pia kwamba ardhi ina thamani. Jambo hilo la pili ni kweli, na limewasaidia wananchi wengi kudai fidia ya haki. Lakini lina upande wake wa giza. Tangu ardhi ya mjini ilipoanza kuhesabiwa kwa mamilioni, kila mahali pasipo na jengo pamekuwa mbele ya macho ya watu wengine kama fedha iliyoanguka barabarani. Lugha yetu yenyewe hutuonya: uwanja ukikwisha kupata bei huitwa kiwanja.

Mwananchi hudhani kwamba uwanja huibwa usiku mmoja. La hasha. Uwanja hufa kidogo kidogo, kama mgonjwa asiyetembelewa. Kwanza hukosa mtu wa kuufyeka. Majani yakiisha kuwa marefu, watu hutupa taka. Taka zikiisha kuwapo, wavuta bangi hupata maficho, na wazazi huwakataza watoto kwenda huko. Hapo huja mtu mwenye barua, aombaye apewe sehemu ndogo kwa muda tu, aweke banda la kuoshea magari au la kuuzia mbao, naye aahidi kupasafisha. Mtaa mzima hufurahi, maana afadhali banda kuliko jalala. Baada ya miaka michache banda huwa la matofali. Baadaye huja maombi ya kubadili matumizi ya ardhi, na katika maombi hayo huandikwa kwamba eneo "limekwisha poteza sifa ya kuwa uwanja". Mwisho jengo husimama, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule hukua bila kujua kwamba pale palikuwa na magoli mawili ya miti.

Tazama vema mwendo huo. Hapana mwizi aliyeruka ukuta. Kila hatua ina barua yake, na kila barua ina muhuri wake. Ndiyo sababu kumsaka mkosaji mmoja hakutoshi. Dawa ni kuizuia ile hatua ya kwanza, yaani kutupwa kwa uwanja. Uwanja utumiwao kila siku hujilinda wenyewe kuliko ulindwao na bango la "Usiingie".

SOMO LA JIRANI

Liko somo moja ambalo sisi tuandikao katika gazeti la Chama yatupasa kulisoma mara mbili. Mwaka 1989, jijini Nairobi, ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Jumba hilo lilikuwa la makao ya gazeti la Kenya Times, gazeti la chama cha KANU kilichokuwa kikitawala peke yake, pamoja na ofisi za chama chenyewe. Mama mmoja, Wangari Maathai, aliandika barua na kupiga kelele kwamba bustani ni mali ya watu wote. Alitukanwa Bungeni, akadharauliwa kwa kuwa ni mwanamke, na ofisi yake ikanyang'anywa. Lakini hoja yake haikujibika. Wafadhili walijitoa, na jumba halikujengwa. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Uhuru Park ingalipo.

Twayakumbuka haya kwa sababu chama kikubwa, chenye historia ya kupigania uhuru, kiliweza kusahau kwamba bustani iliyopewa jina la uhuru haikuwa yake. Chama cha watu huanza kupotea siku kinapodhani kwamba mali ya watu na mali yake ni kitu kimoja.

HOJA ZA WAPINGAO

Wako wasemao kwamba habari za bustani ni anasa za nchi tajiri, na kwamba sisi tungali twahitaji madawati, dawa na maji. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Ikiwa fedha ni kidogo, zahanati na itangulie chemchemi ya kurusha maji yenye rangi. Lakini uwanja wa wazi hautaki fedha nyingi. Wataka kwanza usigawiwe. Kutokugawa hakugharimu hata senti moja.

Tena, tuangalie afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kuutumikisha mwili kila wiki, na mtoto apate dakika 60 kila siku. Mwishoni mwa mwaka 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumiwe kwa kazi hiyo. Agizo lilikuwa jema. Lakini agizo la mazoezi huhitaji mahali pa kuyafanyia. Leo asubuhi katika miji yetu utaviona vikundi vya wakimbiaji, wake kwa waume, wamevaa fulana za rangi moja, wakikimbia kandokando ya malori na bodaboda. Watu hao wamekwisha kutii. Kilichobaki ni halmashauri nazo ziwatii kwa kuwapa njia. Kisukari na shinikizo la damu si magonjwa ya matajiri tena. Na fedha tusizotaka kuzitumia kwa kivuli na njia ya miguu, tutazitumia kwa dawa, tena dawa za maisha yote.

Wako wengine wasemao kwamba bustani huvutia wahuni. Ni kweli kwamba bustani iliyotupwa huwavutia. Tanga ni mji wa bandari, nao wajua vizuri madhara ya dawa za kulevya kwa vijana wake. Lakini kijana hafuati giza kwa kuwa alikuwa na mahali pengi pa kwenda akalichagua giza. Mara nyingi hulifuata kwa kuwa alasiri ilikuwa ndefu, kazi hakuna, na hapana mtu aliyemwita jina lake. Mkufunzi mmoja wa mpira anayejua majina ya watoto 40 huzuia mambo ambayo polisi hawawezi kuyazuia.

BUSTANI NI MIADI

Hapa ndipo mipango yetu mingi huanguka. Halmashauri ikipata fedha hujenga: uzio, njia za matofali, mabembea, na bango la jina la mradi. Siku ya ufunguzi utepe hukatwa. Baada ya mwaka mmoja mabembea yamevunjika na geti lina kufuli. Kosa si la fundi. Mpango wa majengo ulikuwapo, mpango wa watu haukuwapo.

Bustani ni miadi. Watu huja kwa kuwa wanajua kwamba saa fulani kuna jambo fulani na watu fulani. Tanga yenyewe ilikuwa hodari katika hilo. African Sports ilianzishwa mwaka 1936 na Coastal Union mwaka 1948, wala haikungojwa wizara kuanzisha vilabu hivyo. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa nchi nzima mwaka 1988, na mji mdogo ukawainamisha wakubwa wa Kariakoo. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilipiga dansi lililosikika mbali na mipaka ya nchi yetu. Black Star na Lucky Star zilibadili mwendo wa taarabu ya pwani nzima. Na katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mji wenye urithi kama huo hauna haja ya kuuliza wananchi wake watafanya nini wakipewa uwanja.

Basi mpango wa watu uweje? Tuseme kwa mfano. Alfajiri, njia ya kuzunguka uwanja iachiwe wakimbiaji na watembeao kwa ushauri wa daktari. Alasiri, baada ya masomo, uwe wa watoto, pamoja na mtu mzima wa kuwasimamia. Ziwepo saa zilizotengwa kwa wasichana, kwa netiboli na michezo mingine, zisizovamiwa na mpira wa wavulana. Maana uwanja usemwao kuwa ni wa wote, bila utaratibu, huwa wa wenye nguvu. Jioni wazee wapate meza za bao na mahali pa kahawa. Usiku mmoja wa wiki uwe wa taarabu, ngoma au mashairi, na uishe mapema ili akina mama warudi salama. Wenye ulemavu wapate njia isiyo na ngazi. Haya hayataki mwekezaji. Yataka ratiba iliyobandikwa mahali, na mtu anayelipwa kuifuata.

Mtu huyo yupo. Halmashauri zetu zina maafisa utamaduni, maafisa michezo na maafisa maendeleo ya jamii. Lakini mara nyingi ramani huchorwa na mpimaji peke yake, na afisa michezo hualikwa siku ya kukata utepe. Wakae meza moja tangu mwanzo.

YAFANYWE NINI

Kwanza, kila halmashauri iandike daftari la viwanja vya wazi, kila kimoja kwa jina, ukubwa na mipaka yake, na daftari hilo libandikwe katika ofisi ya kila mtaa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Viwanja hivyo vipimwe, viwekewe mawe, na hati zake ziandikwe kwa jina la umma. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 imewapa wananchi nafasi ya kusikilizwa katika mipango ya mji wao. Nafasi hiyo isibaki katika tangazo dogo lisilosomwa na mtu. Ombi la kubadili matumizi ya uwanja lisomwe katika mkutano wa mtaa, kwa sauti, mbele ya wale watakaoupoteza.

Pili, tuulize kabla ya kujenga, na tuwaulize wasioulizwa. Katika mikutano yetu wanaume wazima husema sana. Mama mwenye mtoto mgongoni ajua mambo ambayo mhandisi hayajui: mahali gani pana giza, bomba gani halitoi maji, njia gani ina mbwa. Watoto nao waulizwe, watasema kweli.

Tatu, tuanze na vitu vinne: kivuli, maji, choo na taa. Jua la pwani si la kuchezea, na bustani isiyo na miti mikubwa ni kikaango. Mwembe, mkungu, mvinje na mwarobaini hazihitaji kuagizwa ng'ambo. Bustani isiyo na choo huwafukuza wanawake kabla ya wengine wote. Isiyo na taa hufungwa na magharibi, saa ile ile mfanya kazi apatapo nafasi.

Nne, tusiwafanye wachuuzi kuwa maadui. Unguja, bustani ya Forodhani ilifunguliwa tena mwaka 2009 baada ya kutengenezwa upya na shirika la utamaduni la Aga Khan. Wauza vyakula hawakufukuzwa. Walipangwa, na jioni yao ndiyo iipayo bustani ile uhai. Sheria yataka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa nini kikundi cha akina mama kisikopeshwe kuendesha kibanda cha chai bustanini, na kwa mkataba huo huo kikatunza choo na maua? Mlinzi aliye bora ni yule ambaye riziki yake iko pale.

Tano, ufuo wa bahari. Sheria ya Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Ikishikwa barabara, sheria hiyo peke yake yaweza kuipa Tanga bustani ndefu kuliko zote, bila kununua ardhi. Bahari haikuumbwa kwa wenye nyumba zilizoielekea tu. Mtoto wa Ngamiani ana haki ya kujifunza kuogelea katika maji ambayo babu yake alishusha shehena.

Sita, fedha za matunzo ziandikwe katika bajeti kila mwaka. Miradi mikubwa ya miji, kama ule uitwao TACTIC uliotajiwa miji 45, huleta barabara, mifereji na masoko. Ni vema. Lakini mradi huisha, na majani hayaishi kuota. Halmashauri isiyoweza kumlipa mfyekaji mmoja isijenge bustani tatu.

NENO KWA CHAMA CHETU

Twamaliza na neno lililo gumu kidogo, nalo twalisema kama watu wa nyumbani. Chama chetu kinamiliki viwanja vya michezo katika miji mingi: Mkwakwani jijini Tanga, Kirumba jijini Mwanza, Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Jamhuri mjini Morogoro, na vingine. Vingi katika hivyo vina jasho na michango ya wananchi wa siku za chama kimoja, ambapo mtu alitoa bila kuulizwa kadi, kwa kuwa Chama kilikuwa cha wote. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi. Wapinzani wetu husema mara kwa mara kwamba viwanja hivyo virudishwe kwa umma. Sisi twajua kwamba Chama kimebeba gharama zake na kina hati zake. Lakini hati hujibu swali la mahakamani tu. Swali la mtaani ni jingine: mlango hufunguliwa mara ngapi kwa mtoto asiye na tiketi?

Na tulijibu kwa vitendo. Katika siku za wiki zisizo na mechi, Chama kifungue viwanja vyake, au walau sehemu zake za pembeni, kwa shule za jirani, vikundi vya mazoezi na timu za mitaa, bila kiingilio na bila kuulizana itikadi. Kama nyasi za katikati zahitaji kulindwa, zilindwe; njia ya kuzunguka haihitaji kulindwa na watu wanaokimbia. Ratiba na iandikwe pamoja na halmashauri, na katibu wa wilaya awajibike kwayo. Jambo hilo litakijenga Chama kuliko mabango elfu, maana mtoto hamsahau mtu aliyemfungulia geti.

Miji yetu itakua, tutake tusitake. Watu wataongezeka, nyumba zitabanana, na bei ya ardhi itapanda. Katika miaka 30 ijayo mtu atakayekuwa meya wa Tanga, ambaye huenda leo yuko darasa la tatu, atapokea ramani. Akizikuta sehemu za kijani katika ramani hiyo zingali za kijani ardhini, atajua kwamba waliomtangulia walimfikiri. Akizikuta zimejengwa, hataweza kuzinunua kwa kodi zote za jiji lake.

Kazi ya wiki hii basi ni ndogo na yaeleweka. Kila mwenyekiti wa mtaa aende akatafute mawe ya mipaka ya uwanja wake. Yakiwapo, ayapake chokaa. Yasipokuwapo, aandike barua kwa mkurugenzi, na nakala aibandike mlangoni mwa ofisi yake ili wananchi waisome.